Ufunguo wa Gari la Ikongwe

Hapo zamani, tena si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya jana na juzi, juu kabisa katika milima ya Upare palikuwa na kijiji kiitwacho Ikongwe. Tegeni masikio vizuri, maana mimi nikimaliza, kazi inabaki kwenu.

Ikongwe walilima tangawizi, na Ikongwe walizaa watoto, na karibu watoto wote walipokelewa na mwanamke mmoja, Bibi Nakiete. Miaka arobaini alikuwa mkunga. Miaka arobaini aliteremka na wajawazito waliozidiwa, wanaume wanne wakibeba machela, yeye akienda kando na kipembe chake cha mti, kile ambacho mkunga hukibandika tumboni mwa mama akausikiliza moyo wa mtoto. Wengi walifika hospitali kule tambarare. Mdogo wake wa tumbo moja, Nampombe, hakufika. Tangu siku hiyo Bibi Nakiete alikuwa na neno moja: "Ikongwe itapata gari, hata kama nitalivuta kwa meno."

Wakulima wa tangawizi wakachanga. Msimu wa kwanza wakachanga, wa pili wakachanga, wa nne fedha zikatosha gari moja. Moja tu! Wakasema, "Achague Bibi Nakiete. Nani hapa hakupita mikononi mwake?" Kisha wakaweka sharti: atakayeleta gari litakalochaguliwa ndiye atakayekabidhiwa ufunguo, arudi kuishi Ikongwe, awe dereva wa mlima mzima.

Sasa sikieni utamu wa mambo. Walioleta magari walikuwa wawili, wote wakifanya kazi mjini, na wote wawili walitoka tumboni mwa Bibi Nakiete. Senzighe, kifungua mimba, fundi wa injini, alileta gari la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne, refu, gumu, likiunguruma hata mbuzi wanakata kamba. Navoneiwa, mdogo wake wa kike, fundi umeme, yule aliyefunga mtambo mdogo mtoni hadi Ikongwe ikapata taa, alileta gari la umeme, pana, lenye nafasi ya familia nzima, na kimya kabisa. Lilipoingia uani kuku hawakusogea.

Bibi aliyatazama, akawatazama wanawe, kifua kikamjaa. Mmoja tu ndiye angerudi nyumbani. Hilo halikumpa usingizi.

Siku ya majaribio ikapangwa: kushuka tambarare na kupanda tena, kijiji kizima kikitazama. Na hapo ndipo Togolai alipofanya lake. Togolai alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo maji yake hugawiwa mashambani kwa zamu. Kazi hiyo aliifanya kwa majivuno kama ya waziri. Asubuhi alilitazama vumbi jekundu la barabara, akaona aibu. "Magari ya watoto wa Nakiete yashuke yametapakaa vumbi, watu wa tambarare watuone washamba? Haiwezekani!" Akaifungulia ndiva, akayaelekeza maji barabarani ili vumbi lilale. Vumbi likalala, kweli. Lakini kwenye kona ya mteremko mkali udongo uliteleza kama mlenda.

Kabla majaribio hayajaanza, mume wa mjamzito mmoja aitwaye Nasemba akaja mbio. "Bibi, mke wangu! Tangu jana uchungu haumwachi!"

Bibi Nakiete akaenda, akampapasa Nasemba tumboni, akajua. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na mtoto wa namna hiyo hazaliwi nyumbani. "Hospitali. Sasa hivi."

Senzighe akafungua mlango wa gari lake. "Mama, mleteni huku! Hili limebeba mbao, limebeba mawe, halijawahi kuniangusha."

"Mwanangu," Bibi akasema, "gari lako lina nguvu, lakini lina kelele. Mimi leo nataka masikio."

Nasemba akalazwa kwenye gari la Navoneiwa. Senzighe alimeza mate machungu, mtu mzima, fundi anayeheshimika, kuambiwa hivyo na mama yake mbele ya kijiji! Lakini akawasha, akafuata nyuma.

Ndani ya lile gari la umeme Bibi akaweka kipembe chake tumboni, akainamisha sikio, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini akausikia moyo wa mtoto safarini, tu-tu-tu-tu. Kwenye machela hakuwahi kuusikia, kwa mihemo ya wabebaji na miguu yao juu ya kokoto. Mara ule moyo ukaanza kulegea. Tu. Tu. Bibi akamgeuza Nasemba ubavu wa kushoto, akamwinua nyonga, akasubiri. Tu-tu-tu-tu, moyo ukarudi. "Endesha, mwanangu," akasema, "nimempata." Alikuwa akimkumbuka Nampombe.

Wakafika kwenye kona. Gari likaserereka, likalalia tumbo kwenye tope, magurudumu yakazunguka bure. Navoneiwa akakanyaga, halikwenda. Akakanyaga tena, wapi!

Senzighe akaruka chini. Angeweza kusema, "Nilisema mimi!" Angeweza kumhamishia mgonjwa kwenye gari lake, akashinda mbele ya macho ya watu. Lakini Bibi alipiga kelele dirishani, "Asiguswe, moyo wa mtoto ndiyo kwanza umetulia!" Senzighe akatoa mnyororo, akalizungusha gari lake pembezoni mwa korongo, akafunga. Akavuta. Na lake nalo likaanza kuteleza kuelekea korongoni.

Ndipo akaja Togolai, ametota hadi kifuani. Alikuwa ameziba ndiva kwa mikono yake. Akaona alichokifanya, akapiga yowe la msaragambo, lile la kuwaita watu kwenye kazi ya wote, na panga akaligeuza kwenye shamba lake mwenyewe lililopakana na kona. Migomba yake, yenye mikungu inayokaribia kukomaa, ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Watu wakaikokota, wakaitandaza topeni chini ya magurudumu ya Senzighe. Gari la dizeli likashika, likanguruma, likavuta. La umeme likatoka.

Wakafika hospitali. Nasemba akapasuliwa, akatolewa mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Na Navoneiwa akawaonyesha watu kioo cha gari lake: walitoka mlimani betri ikiwa sabini kwa mia, wamefika chini ni sabini na tatu. Mteremko wenyewe ulikuwa umeijaza.

Nasemba aliporuhusiwa kurudi, kijiji kikakutana kwenye ghala la tangawizi. Senzighe na Navoneiwa wakaweka funguo zao kwenye kanga ya mama yao, kila mmoja wake.

Navoneiwa akasema, "Mama, sina maneno mengi. Mtoto yuko hai kwa sababu ulimsikia, na ulimsikia kwa sababu gari langu halipigi kelele. Umeme wake unatoka kwenye maji yetu. Hatutamngoja mtu wa dizeli."

Senzighe akasema, "Dada yangu amesema kweli, sibishi. Lakini kusikia moyo huku umekwama topeni kunamsaidia nani? Mtambo wa mtoni masika hufunikwa na mchanga siku tatu, nne, nyote mnajua. Siku hiyo mtachaji kwa nini, kwa nyimbo? Na lake likikwama nani atalivuta, ikiwa langu mmelirudisha mjini? Mama, mimi nilikuwa na nafasi ya kumshinda mdogo wangu, nikafunga mnyororo."

Watu wakapiga makofi, kisha wakashangaa, maana Togolai naye alikuwa amesimama. "Na mimi je? Gari lolote mtakalochukua, ufunguo ukae kwangu!"

"Togolai! Wewe uliyetutia topeni?"

"Niliwatia kwa kuwaheshimu, nikawatoa kwa migomba yangu. Hao wawili wana magari. Barabara ni ya nani? Gari bila barabara ni banda la kuku!"

"Na kuendesha unajua?"

"Nitajifunza! Hata ninyi hamkuzaliwa mnalima tangawizi."

Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Bibi Nakiete hakucheka. Alimtazama Senzighe, aliyevuta gari la mshindani wake. Alimtazama Navoneiwa, aliyeuteremsha moyo wa mtoto mlima mzima kama mtu aliyebeba yai. Alimtazama hata Togolai. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. "Nimezaa," akasema. "Jamani, mimi nimezaa! Na kijiji changu kimezaa!"

Kisha akainuka, funguo mbili mkononi, akataja jina moja. Mwenye jina akaja, akapiga goti, akapokea. Mwingine alikumbatiwa na mama yake, akaondoka siku ya pili.

Jina hilo mimi silitaji ng'o, hata mnipe kibuyu cha asali. Wala msiniambie wangenunua yote mawili, tangawizi ilitosha moja. Msiniambie wangegawana ufunguo, mama mwenye uchungu hangoji kikao. Wanawake wa Ikongwe wanaendelea kushika mimba, na masika yako mlangoni. Basi ninyi mlioketi hapa mkitikisa vichwa kama mahakimu, tuseme mke anayeumwa ni wako, au dada yako, au ni wewe mwenyewe, na funguo ziko mkononi mwako.

Je, ungemwita nani?