Milembe na Jeshi Lisilo na Mabawa

Mliokaa, mmekaa vizuri?
— Tumekaa!
Wenye masikio, mmeyafungua?
— Yako wazi!
Nilete au nisilete?
— Lete tuipokee!

Basi zamani, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji kikiitwa Mwabuzo. Nchi ya mtama na uwele. Nchi ya nyasi ndefu. Watu wa Mwabuzo walikuwa na mwiko mmoja mkubwa: panzi hauawi. Hauawi kwa mkono, hauawi kwa fimbo, hauawi kwa moto. Panzi akitumbukia kwenye uji wako, unamtoa, unampuliza, unamwacha aende zake.

Kwa nini? Wazee wao walipofika nchi ile walikuwa wanakufa kwa kiu. Mama mmoja akamwona panzi wa kijani ametua kwenye mchanga mkavu. Akajiuliza, huyu mbichi hivi, anakula wapi? Akamfuata. Panzi akaruka, mama akafuata. Akaruka tena, mama akafuata tena. Mpaka penye majani mabichi, na chini ya majani pana chemchemi. Siku ile mwiko ukawekwa, na adhabu yake ikawekwa: atakayemuua panzi atamzika mwanawe.

Mmeisikia adhabu hiyo? Si kumzika mbuzi. Mwanawe.

Mtunza mwiko alikuwa Bi Holo. Mama mwenye sauti ndogo na macho makali. Aliwajua panzi kama wewe unavyowajua shangazi zako. Alimjua parare, mwenye uso uliochongoka kama ncha ya jembe. Alimjua panzi mnuka, aliyevaa njano na nyekundu na nyeusi, anayetembea polepole hana wasiwasi, maana nani atamla na ile harufu? Alimjua senene, mwenye vipapasio virefu kupita mwili wake, anayeimba kwa mabawa na kusikia kwa magoti.

Mnacheka? Masikio ya senene yako magotini! Na ya panzi yako ubavuni, chini ya mabawa. Kamateni mmoja mkamtazame, halafu mje mnicheke.

Bi Holo alikuwa amezaa watoto wengi na kuwazika karibu wote, kwa homa, kwa njaa, kwa maradhi yasiyo na jina. Alibaki na mmoja tu, Milembe. Msichana mrefu, mikono migumu. Milembe akisema nakwenda, ujue ameshakwenda.

Siku moja Milembe alikwenda mbali kukata kuni, huko kwenye mbuga inayopakana na nchi ya jirani. Akakutana na mama mmoja amembeba mtoto mgongoni, na kichwani amebeba chungu kitupu. Yule mama alikuwa anatembea kama mtu anayelala.

"Shikamoo, mama. Mbona umebeba chungu kitupu?"

"Marahaba, mwanangu. Kwetu hakuna cha kuweka ndani."

"Kumetokea nini?"

"Nzige. Walipokuwa wadogo tuliwaona, tukasema ni panzi tu. Walipoota mabawa, tulilala na mashamba, tukaamka na vumbi. Na waliotaga kabla ya kuondoka, watoto wao wako nyuma yangu. Nenda kaangalie mwenyewe."

Milembe akaenda. Akapanda kichuguu, akatazama. Akaona ardhi inatembea! Tunutu, watoto wa nzige, weusi wenye mistari ya njano, wasio na mabawa. Wanaruka pamoja, wanatua pamoja, wanaelekea upande mmoja. Na upande ule ulikuwa ni Mwabuzo.

Kuni akaziacha palepale. Mbio mpaka nyumbani.

"Mama! Nzige wanakuja! Wako chini bado, hawajaota mabawa. Tuwaue sasa!"

Bi Holo akaweka ungo chini. "Umesema neno gani?"

"Tuwaue, mama."

"Wana miguu ya nyuma mirefu?"

"Wanayo."

"Vipapasio vyao vifupi?"

"Vifupi."

"Masikio yako ubavuni?"

"Mama, sikuwakagua masikio!"

"Ni ukoo wa panzi, mwanangu. Na panzi hauawi."

Alikuwepo jirani yao, Lubango, mwenye shamba kubwa la mtama kuliko wote. Alipenda kuusemea mwiko kuliko hata mtunza mwiko. "Msikilizeni mama yenu!" akapaza sauti. "Mtoto anataka kutuletea laana!"

Je, Milembe alinyamaza? Thubutu! Alirudi mbugani, akakamata tunutu mmoja, akamtia ndani ya kibuyu kitupu. Akamlisha majani. Akasema moyoni, akikua mama ataona mwenyewe kwamba ni nzige.

Tunutu akala. Akajivua ngozi, akala tena, akajivua tena. Na alipojivua, loo! Mweusi hayupo, na mistari ya njano haipo. Ndani ya kibuyu amekaa mdudu wa kijani, mpole, kimya.

Bi Holo akachungulia. Akamtazama binti yake, wala hakumcheka. "Panzi," akasema. "Unaona? Ulitaka kunifanya nimuue panzi."

Lubango alicheka kwa niaba yake, na watu wakacheka pamoja naye. Milembe alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Alilia vizuri, akapangusa uso, akachukua kikapu.

Kikapu cha nini? Ngojeni.

Alirudi mbugani mara ya pili. Hakuhitaji kwenda mbali kama mwanzo, maana jeshi lilikuwa limesogea. Safari hii hakukamata mmoja. Alijaza kikapu mpaka kikawa kinatikisika, akakifunika. Na yule wa kijani wa kwenye kibuyu akamtia humohumo, katikati ya wenzake.

Mwanzoni yule wa kijani alijibana pembeni peke yake. Wenzake wakamgusa miguu, wakamkanyaga, wakamsukuma. Kabla jua halijazama, naye alikuwa anasukuma. Wakigeuka kulia, anageuka kulia. Wakirukia mfuniko, anarukia mfuniko. Na siku alipojivua ngozi tena, alitoka na madoa meusi na manjano.

Milembe akapeleka kikapu kwa mama yake. "Mtazame huyu. Ndiye yule uliyemwita panzi."

Bi Holo akainama juu ya kikapu, akamtazama madoa yote.

"Kwa hiyo ni yuleyule," akasema.

"Ni yuleyule, mama. Akiwa peke yake ni mpole. Akisongwa na wenzake anakuwa jeshi."

"Basi umenitia kwenye shida kubwa kuliko ya mwanzo. Rangi nilikuwa naiamini. Sasa nikimwona mmoja nitajuaje ni panzi au ni nzige? Nikikosea mmoja tu, Milembe, mmoja tu, nakuzika wewe." Akamvuta karibu. "Njaa naijua. Njaa nimeiona. Mtu anaweza kuikimbia njaa akabeba mtoto wake. Lakini nitakubeba vipi ukiwa kaburini?"

Jamani, nyinyi mlidhani mama yule ni mkaidi? Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa.

Milembe alikaa chini karibu na miguu ya mama yake. Akafikiri. Akafikiri. Akafikiri. Kisha akauliza:

"Mama, panzi anasafiri?"

"Panzi? Panzi anaruka akishtuka. Akitua anakula. Hana anakokwenda."

"Na akiona shimo?"

"Anageuka. Atatumbukiaje na nyasi ziko hapa?"

"Basi sitakuomba uue. Nitawauliza wenyewe."

Akainuka, akachukua jembe. Akaenda upande wa mbuga, mbele ya mashamba yote, kati ya mlima na korongo, akaanza kuchimba mfereji. Mrefu, wenye kina, wenye kingo zilizonyooka kama ukuta. Akachimba anaimba:

*Jembe shuka, jembe panda,*
*Mwenye safari ataonekana.*

Lubango akapita. "Unachimba nini, binti?"

"Nachimba swali."

"Utaweza peke yako, kutoka mlima mpaka korongo?"

"Wewe unaona nimesimama?"

Akachimba. Jua likamchoma, akachimba. Mvua ndogo ikanyesha, kingo zikabomoka, akazinyoosha upya, akachimba. Viganja vikatoka damu, akavifunga kitambaa.

*Jembe shuka, jembe panda,*
*Mwenye safari ataonekana.*

Siku moja akasikia jembe jingine linapiga nyuma yake. Akageuka. Ni yule mama mwenye chungu kitupu. Mtoto amelala kivulini, yeye anachimba. Baadaye yakaja majembe mengine ya wanawake wawili watatu, kisha vijana, kisha nusu ya kijiji. Watu walijiambia, kuchimba si kuua. Mwiko haujakataza mfereji.

Lakini Bi Holo hakuja. Alikaa mlangoni pake, amejishika mashavu.

Wakamaliza asubuhi, na mchana wake jeshi likafika.

Kwanza ilisikika sauti, kama mvua inayonyesha kwenye majani makavu. Kisha nyasi za upande wa pili zikaanza kulala chini. Kisha wakaonekana. Migongoni mwao vilikuwa vimechomoza vijibawa vidogo, vimekunjwa. Bado kidogo tu! Bado kidogo tu wapae!

"Mama!" Milembe aliita kwa nguvu zote. "Njoo uwatazame. Usishike kitu. Tazama tu!"

Bi Holo akaja. Akasimama ukingoni.

Wale panzi wa nyasini wakashtuka. Parare akaruka kulia, akatua kwenye bua, akatulia. Panzi mnuka akageuza njia polepole, kama kawaida yake. Wengine wa kijani na wa kahawia wakatawanyika huku na huku, kila mmoja na lake. Hakuna aliyeukaribia mfereji.

Lakini wenye mistari walikuja. Wa kwanza wakafika ukingoni, wakatumbukia. Wa pili wakawaona wa kwanza wametumbukia, nao wakatumbukia. Wa tatu wakaja juu ya wa pili. Kando yao majani mabichi, hawakuyataka. Waliutaka upande wa pili. Mfereji ukaanza kujaa.

"Mama," alisema Milembe, "nani kati ya hawa ni panzi?"

Bi Holo akainama ukingoni.

"Mama, nani ni panzi?"

Bi Holo alitazama kule nyasini, akatazama mfereji.

"Mama. Wewe ndiye unayejua. Niambie."

Watu wote wa Mwabuzo walishika majembe yao, hakuna aliyethubutu kuyainua. Walikuwa wanamtazama mama mmoja.

Bi Holo akamvuta binti yake, akamweka nyuma ya mgongo wake, akamshika kwa mkono wa kushoto, akamkaza hasa. Kwa mkono wa kulia akachota udongo. Akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kinywani mwake:

"Panzi ni yule aliyebaki nyasini. Hawa humu ndani si panzi! Kama nimekosea, nimekosea mimi. Mwanangu asiguswe!"

Akatupa udongo.

Hapo majembe yalishuka! Watu wakafukia, wakakanyaga, wakafukia. Watoto wakapiga vibuyu na matawi kuwaelekeza waliotaka kuzunguka pembeni. Kila mfereji ulipojaa walichimba mwingine kando yake. Wengine walipita, siwadanganyi, wakaingia shamba la Lubango na kulimega pembe nzima. Na Lubango, yule msemaji wa mwiko, akaruka mfereji kama parare, akikanyaga kwa miguu yote miwili na kupiga kelele, "Hawa si panzi! Nilisema tangu mwanzo, hawa si panzi!"

Walipambana mpaka mbuga ikanyamaza.

Mtama ulibaki umesimama. Watu wakacheza ngoma. Bi Holo hakucheza. Kila asubuhi aliamka kabla ya ndege, akaenda kuweka kiganja kwenye paji la uso la binti yake. Milembe akikohoa, mama anaacha kula. Milembe akijikwaa, mama anakaa chini. Aliisubiri adhabu. Aliisubiri mtama ukichanua, aliisubiri mtama ukikomaa, aliisubiri mpaka siku ya mavuno.

Siku ile Milembe alirudi kutoka shambani na mzigo wa masuke kichwani, jasho linamtiririka, akakuta mama yake amesimama mlangoni.

"Mama, nitue basi. Shingo inakatika."

Bi Holo akamtua mzigo. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku, akamgeuza kule. Mzima. Akacheka. Watu wa Mwabuzo hawakuwahi kumsikia akicheka, wakatoka majumbani kuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," Bi Holo akawaambia. "Mwanangu ana njaa. Nipisheni nimpikie."

Mwiko wao wanao hata leo. Panzi hauawi. Ila wazazi wa Mwabuzo humfundisha mtoto jina la parare, na la senene, na la panzi mnuka, na la tunutu, kabla hawajamfundisha kushika jembe.

Nimefika nilipokuwa nakwenda.
— Umefika!
Aliyeshiba aseme.
— Tumeshiba!
Aliyesinzia ataisikia kwa jirani yake. Mimi nimeitua hapa. Atakayeiokota aende nayo kwao.
— Tumeiokota!