Kisu cha Ndafu na Gari Lenye Jicho Nyuma

Kabla sijafungua mdomo umeshacheka. Nimekuona. Ukiambiwa fisi aliongea na sungura unatikisa kichwa, unasema endelea bibi. Ukiambiwa gari linaona kwa nyuma unamkonyeza mwenzako, eti bibi amezeeka. Gari linaona! Lina jicho pale juu ya namba, dogo kama punje ya mtama, na dereva anatazama kule mbele kwenye televisheni ndogo anaona yaliyo nyuma yake. Na kwenye bampa lina vidude vya mviringo, vinanusa. Kitu kikisogea karibu, gari linalia. Dereva akiwa mkaidi akaendelea, linajishikia breki lenyewe. Unataka niapie nini? Funga mdomo usikilize, au nenda nje ukacheze bao.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya kina babu, ni hii ya juzi mnayoisahau haraka, aliolewa binti mmoja mlimani Upareni. Binti aliitwa Nakundwa. Baba yake alikuwa Mzee Mbonea.

Nyumba ya Mzee Mbonea imekaa kwenye mteremko. Ua ni mwembamba: upande wa kulia ukuta wa mawe, upande wa kushoto shimo hadi migombani. Gari likiingia pale haligeuki. Linatoka kinyumenyume hadi barabarani, na wageni wote wamejazana humohumo.

Tena ukoo ule una mwiko wake. Bibi harusi akishafunikwa shela mlangoni kwao, hasemi neno, ila kiapo cha kanisani tu, mpaka akanyage kizingiti cha mumewe. Akisema, wakwe husema wameletewa mdomo, hawakuletewa mke. Na husema hivyo miaka yote, hata akiwa ameshazeeka na meno yameisha.

Siku ya harusi gari likaja kutoka mjini. Dereva aliitwa Kiangi, mtu mrefu, mkavu, maneno machache. Tope la njiani lilikuwa limeganda nyuma kama ukoko wa ugali. Kiangi hakuomba chai. Aliomba maji kwenye kopo, akachovya leso yake mwenyewe, akalifuta lile jicho, akavifuta vile vidude kimoja kimoja, kama mama anavyomfuta mtoto makamasi.

Watu wakamcheka. "Kaka, bodi lote tope, wewe unaosha tundu?"

"Bodi halioni," akasema Kiangi, akaenda kumsalimia Mzee.

Huku nyuma akaja Shangazi Naelijwa na wanawake wake. Naelijwa ndiye aliyemlea bibi harusi, na maua yale aliyapanda yeye, akayamwagilia yeye, kwa ajili ya siku hiyo. Wakalivisha gari. Maua nyuma, utepe nyuma, na kwenye bampa kitenge kizima kikafungwa fundo. Likapendeza, siwezi kusema uongo.

Kiangi akarudi, akawasha, akatia gia ya nyuma. Gari likalia. Ti, ti, ti.

"Mama," akasema, "umelifunga gari macho."

"Baba," akasema Shangazi, "hili ni gari la harusi. Linakwenda na maua, haliendi na macho. Macho unayo wewe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Hapo akajitokeza Mjomba Msuya wa upande wa bwana harusi, mwenye suti na haraka, ambaye ndiye aliyelitafuta gari. "Kijana, hapo kuna kitufe cha kulinyamazisha. Kibonyeze twende, mchungaji anatungoja."

"Nakijua, mjomba."

"Basi kibonyeze."

"Nikikibonyeza, gari hili linakuwa kama lori la marehemu babu yangu. Ila babu alikuwa na utingo nyuma, na shingo ya kugeuza. Mimi nina kitenge."

Akazima injini. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akakaa kwenye ngazi za nyumba ya watu. Siku ya harusi! Wakwe wamesimama juani! Nimeona wanaume wakikaidi kwa ajili ya pombe, na wengine kwa ajili ya kiti cha mbele. Huyu alikaidi kwa ajili ya jicho la gari.

Sasa, kuvua maua ya gari la bibi harusi mbele ya wakwe ni sawa na kuwaambia hatuna kitu. Shangazi Naelijwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Akamtazama Kiangi. Akautazama ule mteremko, akawatazama watoto wanavyokimbizana. "Nakundwa nimembeba kwa mgongo huu," akasema, "leo nimvue gari lake?"

Basi akainama mwenyewe, akalikata fundo kwa meno. Akavua kitenge, akavua utepe, akavua maua, akayahamishia mbele na juu ya paa. Wanawake wa kwa bwana harusi wakanong'onezana kwa sauti, maana kunong'ona kwao ndiko huko: "Jamani, gari liko uchi nyuma."

"Liko uchi, linaona," akawajibu. "Nyie mmevaa, mnaona nini?"

Maua mengine yakaporomoka chini. Hakuna aliyeyaokota.

Kiangi akainuka. Akalizunguka gari kwa miguu, akachungulia uvunguni, akafukuza kuku, akawaambia watoto wasimame ukutani. Bibi harusi akaingia na shela lake, akakaa nyuma. Matarumbeta yakalipuka.

Gari likaanza kurudi. Pole pole, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Mguu wa Kiangi ulikuwa juu ya breki. Akatazama televisheni yake, akatazama kioo cha kulia, akageuza shingo kushoto, kwenye shimo. Na alipokuwa ametazama shimo, mtoto akapenya miguuni mwa watu. Aliitwa Tumsifu, mjukuu wa Mzee Mbonea, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Ameona ua jekundu nyuma ya tairi. Akachuchumaa aliokote.

Gari likalia. Ti, ti, ti. Nani asikie? Tarumbeta linapigwa dirishani kwa dereva, mashavu ya mpigaji yamevimba kama maboga.

Bibi harusi akasikia. Mlio ulitokea nyuma, karibu na sikio lake. Akajua ni mlio wa nini, na akajua mwiko wa kwao, na akajua wakwe wamelizunguka gari. Akalipandisha shela, akapiga ukelele uliopita matarumbeta: "Simama!"

Kiangi akakanyaga. Na gari nalo likajishikia. Yote yakaja pamoja, hata leo hakuna ajuaye kipi kilitangulia. Gari likatikisika, likatulia. Matarumbeta yakakatika. Wakachungulia nyuma. Mtoto amekaa chini, ameshika ua lake, bampa imekaribia kipaji cha uso wake kama kofia inayotaka kuvaliwa.

Mama yake akamnyakua.

Harusi ikafungwa, watu wakafika kwa bwana harusi. Bibi harusi akakanyaga kizingiti. Ikaletwa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa mezani na majani mdomoni. Kwa watu wale, anayemkata ndafu kisu cha kwanza ndiye mkubwa wa siku hiyo. Hata bwana harusi anangoja, na jina la mkataji linatajwa kila ndafu ya ukoo itakapokatwa. Desturi, kisu ni cha wakwe. Lakini Mzee Mbonea akasimama.

"Mbuzi huyu nimemleta mimi. Leo kisu ni cha mtu aliyenirudishia mjukuu wangu. Mtu mmoja. Ajitokeze."

Akaruka Mjomba Msuya. "Gari lilijishikia lenyewe, mliona! Na gari nililichagua mimi. Wenzangu walitaka lile jeusi refu, lisilo na jicho. Bila mimi, tungekuwa matangani."

"Mjomba," akasema Kiangi, "gari ulichagua wewe, na kitufe cha kulinyamazisha ulichagua wewe." Watu wakacheka, mjomba akakaa. Kiangi akaendelea: "Jicho nililiosha mimi. Mlinicheka, sikuacha. Kulinyamazisha gari nilikataa. Nilikwenda mwendo wa uji wa moto na mguu wangu ulikuwa tayari. Gari linamsaidia dereva aliye macho. Aliyelala linamsindikiza tu. Bila mimi, mtoto asingekuwepo."

"Ulikuwa unatazama shimo," akasema Shangazi Naelijwa.

"Nisingelitazama, tungetumbukia wote."

"Haya. Lakini jicho uliloliosha nililifunika mimi, na nikalifunua mimi. Wewe ulikaa kwenye ngazi na ufunguo wako. Ningekataa, ungekaa mpaka mvua inyeshe. Nilivua maua yangu kwa meno, mbele ya hawa wanaonong'ona kama debe. Bila mimi, lile jicho lingekuwa linatazama kitenge."

"Na ua lililomvuta mtoto lilitoka wapi?" akauliza Msuya kutoka alikokaa.

"Mkononi mwangu," akasema Shangazi. Hakutafuta njia ya kuzunguka. "Lilianguka nikivua. Nami nisingevua, gari lingelia kwa ajili ya kitenge, na nani angejua linamlilia mtoto?"

Ndipo Nakundwa akasimama. Mawifi wakashika midomo.

"Nimeshakanyaga kizingiti, nina ruhusa," akasema. "Jicho lilikuwa safi. Maua yalikuwa yamevuliwa. Gari lililia kama lilivyofundishwa. Lakini kelele isiyosikiwa na mtu ni kelele bure. Mguu ulikuwa wa kaka Kiangi, habari ilikuwa kwangu. Nilisema neno moja, na najua nitalilipia humu ndani kila nitakapochelewa kuwasha moto. Mngetaka ninyamaze?"

"Bibi harusi ana mdomo huyu," akasema wifi mmoja.

"Ninao," akasema Nakundwa. "Tumsifu naye anao. Msikilizeni anavyocheka."

Mzee Mbonea akawatazama mmoja mmoja. Nimekwenda harusi nyingi, nikaona watu wakirushiana lawama kama kaa la moto. Hawa waligombea heshima, na kila aliyeidai alikuwa ameitolea jasho. Mzee alikishika kisu kwenye makali, mpini ameutoa mbele. Mikono haikosekani. Mpini ni mmoja.

Aliyeliosha jicho na kukataa kulinyamazisha gari, ingawa huenda gari lingejishikia lenyewe? Aliyejiaibisha kwa wakwe ili jicho lione? Au aliyevunja mwiko ili mlio usikike? Je, nani alistahili kisu kile?

Msinitazame mimi. Mzee Mbonea mwenyewe jasho lilimtoka, mimi nina nini cha kuwaambia? Jibizaneni. Mimi natoka, na mlango naufunga kwa nje, maana najua nyie mkianza kubishana hamjui kushusha sauti.