Siri za Bi Zuwena kwa Paka Wake

Tegeni masikio, ila mtege hadharani, maana hadithi hii ni ya watu waliotega kwa kificho.

Ujiji palikuwa na mjane, Bi Zuwena, na wanawe watatu waliompenda kupita kiasi. Sudi, kifungua mimba, alikuwa na masikio makali. Mwajabu alikuwa fundi redio. Kheri, kitinda mimba, alijua kila kidude cha simu kilichoingia mjini.

Mama alianza kuchechemea. Wakimwuliza hali, alijibu njema, kama tunavyojibu sote hata tukiwa mahututi. Ukweli alimwambia paka tu, jikoni.

Sudi akabandika bilauri ukutani, akaweka sikio. Akamsikia mama akimwambia paka kuwa ana kidonda unyayoni kisichokauka, na kiu haimwishi. Alipomwuliza, mama akasema ni mwiba tu.

Mwajabu akaficha redio kaseti nyuma ya pipa la unga, ikarekodi. Aliposikiliza, alilia. "Baba yao aliingia hospitali kwa miguu yake," mama alimwambia paka, "akatoka amebebwa. Mimi siendi."

Kheri akashonea ndani ya mto wa kiti kinasa sauti kidogo kama punje ya kunde, kilichomletea sauti kwenye simu. Adhuhuri moja, akiwa sokoni, akasikia kishindo, kisha kimya. Alitimua mbio, akamkuta mama kaanguka.

Kwa habari za Sudi, daktari alishuku sukari mara moja. Kwa habari za Mwajabu, wanawe walijua la kumwambia: walimwapia hataachwa peke yake wodini, naye akakubali kulazwa. Kwa mbio za Kheri, alifika akiwa hai. Mguu ukapona.

Wakamweleza yote, na kila mmoja akamsihi ahamie kwake.

Bi Zuwena akacheka, kisha akanuna. "Mmeniokoa, wanangu, Mungu awabariki. Lakini mmenidukiza. Nitahamia kwa mmoja. Wawili watakaobaki wataniomba radhi kwanza, ndipo niwatembelee."

Sudi akasema bilauri yake haikuhifadhi neno. Mwajabu akasema bila yeye mama asingekubali kutibiwa. Kheri akasema bila yeye wangekuwa matangani. Mama aliwatazama, akawapenda wote, akashindwa kuchagua.

Haya, wasikilizaji. Mwenye kumwokoa zaidi ndiye aliyemdukiza zaidi. Je, wewe ungemchagulia nyumba ya nani? Na huko aendako, akiumwa tena, atathubutu kusema kwa sauti?