Nani Ashike Gunia la Viatu?

Haya, sogezeni mikeka. Mwenye usingizi akalale kwao mapema, maana hadithi hii ina kazi ndani yake, na kazi yenyewe ni yenu.

Katika mji mmoja wa reli, chini ya milima, walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza aliitwa Sekiete, mchinjaji wa Relini Chini. Kipawa chake kilikuwa mikono. Alimlaza fahali peke yake, akimshika pembe na kumnong'oneza sikioni kama anayemwomba radhi, na kisu chake hakikuwahi kukosea njia.

Wa pili aliitwa Shemdoe, fundi cherehani wa Relini Juu. Kipawa chake kilikuwa mguu. Mguu huohuo wa kulia uliokanyaga cherehani kuanzia Jumatatu, ukifika Jumamosi uliushona mpira katikati ya mabeki hadi wakaangukiana wenyewe kwa wenyewe.

Wa tatu aliitwa Bi Nakijwa. Kipawa chake kilikuwa pumzi. Miaka ishirini na sita alisimama pale reli inapokata barabara, na bendera nyekundu na filimbi, na magari yote yakasimama. Alipostaafu akawa refa. "Malori ya tani thelathini yalinitii," alisema, "nyie na vitambi vyenu ni kina nani?"

Aliyewakusanya watatu hawa ni Mhando, na huyo hakuwa na kipawa chochote. Alikuwa na tumbo. Alikuwa dereva wa lori aliyefika Lubumbashi, Lilongwe na Bujumbura, na kote alikofika alidaka mpira, na kote akafungwa. "Nimefungwa magoli kwa lugha saba," alijisifu, "na zote zina neno moja la kunicheka."

Lakini sababu iliyomfanya Mhando aanzishe timu haikuwa ya kuchekesha.

Zamani katika mji ule mpira ulikuwa vita. Relini Juu wakikutana na Relini Chini, hakuna aliyewahi kuona dakika ya tisini. Dakika ya sitini mawe ya reli yalikuwa hewani tayari. Mwaka mmoja jiwe mojawapo lilimpata Hozza, mdogo wake Mhando, kisogoni. Mhando alimbeba mgongoni kuelekea hospitali huku kitu cha moto kikimtiririkia shingoni, akajua ni nini, akaendelea kukimbia. Walipofika, daktari alimwangalia mara moja tu, akamwambia, "Mteremshe, kaka. Pumzika."

Baada ya matanga, vijana wa upande wake walikuja na mapanga wamsindikize akalipize. Mhando akatoka ndani na gunia tupu.

"Hilo la nini?" wakamuuliza. "La kubebea vichwa?"

"La kubebea viatu," akasema. Wakadhani uchungu umemchanganya.

Akaita watu waliopita miaka arobaini, wa juu ya reli na wa chini, waje kucheza kila Jumamosi kwa sheria tatu. Sheria ya kwanza: kila mchezaji hutia kiatu kimoja ndani ya gunia. Mshika gunia, naye ni Mhando, hufumba macho, hutumbukiza mkono, hutoa kimoja huku, kimoja kule, na hivyo ndivyo timu zinavyopatikana. Leo uko na jirani yako, wiki ijayo uko na yule ambaye baba yake alimrushia baba yako jiwe.

Sheria ya pili: aliyemuumiza mwenzake humkanda. Huchemsha maji kwake, hubeba sufuria mwenyewe, peke yake, kabla jua halijazama, akaenda hadi nyumbani kwa aliyemuumiza, na atarudi kila siku hadi mwenzake atembee. Ndivyo watu wa Chini walivyoanza kujua majina ya watoto wa watu wa Juu. Utamkandaje mtu goti siku tano halafu usimjue mkewe?

Sheria ya tatu: filimbi ikilia, unaganda. Mguu ukiwa juu, ubaki juu. Anayecheza baada ya filimbi, kiatu chake hakiingii guniani mwezi mzima.

Miaka kumi na moja ikapita bila jiwe. Timu ilizika wafu wake pamoja, iliezeka nyumba pamoja, ilitaniana hadi misikitini na makanisani. Wakazizoea sheria zao kiasi cha kusahau kwamba duniani kuna watu wasiozijua.

Na hapo ndipo walipokosea.

Jumamosi moja gunia lilimweka Sekiete timu hii na Shemdoe ile. Dakika ya thelathini Shemdoe akampiga chenga Sekiete mara mbili, na mara ya tatu akamwita "shemeji" huku akimpita. Sekiete akamtelezea kwa mguu wake mnene. Goti la Shemdoe likapinda upande ambao goti halipindi. Bi Nakijwa aliiona ile rafu vizuri, lakini mpira ulikuwa umemfikia mwenzake Shemdoe uso kwa uso na kipa, akaacha mchezo uendelee. Kipa alikuwa Mhando. Goli, bila shaka.

Shemdoe akabebwa kwake, goti limevimba kama papai. Sekiete akaenda kuchemsha maji.

Sasa, siku hiyohiyo ndugu wawili wa Shemdoe walikuwa wamefika kutoka mashamba ya mkonge kwa harusi ya binamu yao. Mkubwa aliitwa Kilua. Hawakujua gunia wala sufuria. Shemdoe, kwa maumivu, aliwaambia jambo moja tu, "Sekiete kanivunja," akageukia ukutani. Mnamo saa kumi na moja wakamwona mtu mkubwa anakuja peke yake na sufuria inayofuka moshi.

"Wewe nani?" Kilua akauliza.

"Sekiete."

"Sekiete yule aliyemvunja mdogo wangu?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kummalizia," akasema Sekiete, maana ndivyo wachezaji walivyotaniana kila walipokwenda kukandana.

Kilua akaipiga teke ile sufuria. Maji yakamrukia Sekiete kifuani, na ngozi ikaanza kubabuka pale pale chini ya shati. Kabla hajamaliza kupiga kelele, panga likashuka. Sekiete akalidaka kwa mkono mtupu wa kushoto. Vidole vitatu vikaanguka uani, na kuku mmoja akaja mbio kuvitazama.

Lakini ile ilikuwa mikono iliyolaza mafahali. Kwa mkono uliobaki alimvuta Kilua, akampindua, akamkalia kifuani, na sasa panga lilikuwa lake, na makali yalikuwa pale shingoni ambapo mchinjaji hahitaji kutafuta. Kilua akafumba macho. Sekiete akatweta mara tatu. Akalitupa panga juu ya paa la bati, likalia na kutulia huko.

"Nimekuja kumkanda," akasema, akilia kwa moto wa kifua. "Kumkanda, bwana!"

Ndugu wa pili hakusikia. Alikuwa akitoka nyuma ya nyumba na mpini wa jembe, na alichoona ni damu na mtu juu ya kaka yake. Akauinua kwa mikono miwili kupasua kisogo cha Sekiete.

Shemdoe alikuwa ameshajikokota hadi mlangoni. Aliuona mpini ukiwa juu kabisa. Kusema hakukuwa na muda. Akajirusha kwa mguu mmoja, akaangukia mgongoni kwa Sekiete, na mpini ukatua juu ya paja lake la kulia. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Ndugu yake akautazama mpini, akamtazama Shemdoe, akautupa chini.

Kama yangeishia hapo, tungesema afadhali. Lakini habari zilikuwa zimeshatoka. Relini Chini ziliwafikia hivi: Sekiete kachinjwa. Relini Juu zilifika hivi: Shemdoe kamwagiwa maji ya moto kitandani. Kufumba na kufumbua uwanja mbele ya nyumba ulijaa watu wa pande zote mbili, na kila mmoja alikuwa amepitia relini kuokota jiwe.

Mhando alifika akihema. Akasimama katikati, akatanua mikono kama golini.

"Jamani! Mimi Mhando!"

Jiwe la kwanza likampata kwenye paji. Hata hilo hakulidaka. Akaangukia mtaroni, na watu walipoanza kurukiana juu yake, mtu mwenye buti akaukanyaga mkono wake wa kulia, akaukanyaga tena akirudi. Kutoka mtaroni Mhando aliona waliokandana miaka kumi na moja wakitafutana. Seremala mmoja alimng'ata mwalimu sikio, akalitema. Mwashi aliyemzika mama yake akisaidiwa na jirani alikuwa amemshika jirani huyohuyo nywele na kumbamiza uso ukutani, mara ya pili, mara ya nne, na ukuta ukawa mwekundu. Mhando akashika kisogo chake mwenyewe, pale Hozza alipopigwa, akasubiri kusikia wa kwanza kufa.

Hapo akatokea Bi Nakijwa. Aliingia katikati kwa mwendo uleule wa barabarani, bila kukimbia, filimbi mdomoni. Jiwe likaja, likampiga filimbi yenyewe. Meno manne ya mbele yakaingia ndani pamoja nayo. Akainama, akatema damu, meno na filimbi, akaiokota filimbi mchangani, akairudisha kwenye midomo iliyopasuka, akapuliza.

Ililia kwa mapovu ya damu, lakini ililia.

Wakaganda. Wote. Miaka kumi na moja ilikuwa imeingia miguuni mwao. Walioinua ngumi walibaki nazo, waliorukiana shingoni walibaki wameshikana kama wacheza dansi. Mzee mmoja, jiwe lenye uzito wa tikiti juu ya kichwa, akauliza kwa sauti ndogo, "Bi Nakijwa, hili niliweke wapi?"

"Chini," akasema, na lile neno likatoka bila meno.

Hakuna aliyekufa. Shikeni hilo: siku ile hakuna aliyekufa.

Lakini Sekiete hatalaza tena fahali, Shemdoe hatakanyaga tena cherehani, na pumzi ya Bi Nakijwa sasa inapitia pengoni, filimbi haimkubali. Mkono wa Mhando ukapona ukiwa umekunjamana kama tangawizi. Hauingii guniani. Na wa kushoto? Watu wa pale hawapokei hata chumvi kwa mkono wa kushoto, sembuse timu.

Kwa hiyo mshika gunia mpya ilibidi apatikane, na gunia ni la mtu mmoja, maana linahitaji mkono mmoja ambao pande zote zinauamini. Wiki sita hapakuwa na mchezo. Katika wiki hizo, kila upande wa reli kulianza kuonekana marundo ya mawe yaliyopangwa vizuri, na ukiuliza ni ya nini unaambiwa ya msingi wa choo. Choo gani hicho cha mtaa mzima? Mhando alikuwa amewahi kuyaona marundo yale, mwaka wa Hozza.

Jumamosi ya saba akawaita wote uwanjani, saa nane mchana. Wakavua kiatu kimoja kimoja, wakatia guniani. Kisha wakaanza.

"Apewe Sekiete," wakasema wa Chini. "Alikuwa na shingo ya mtu mkononi, akaiacha. Angekata, leo tungekuwa tunahesabu makaburi."

"Goti kalivunja nani kwanza?" wakajibu wa Juu. "Na nani alisema kaja kummalizia mgonjwa? Apewe Shemdoe. Alipigwa na damu yake mwenyewe kwa ajili ya mtu aliyemuumiza."

"Damu yake ndiyo iliyoleta panga! Ana ndugu wageni nyumbani, anashindwa kuwaambia neno moja, kwamba mtu atakuja na sufuria?"

"Basi Bi Nakijwa," wakasema wengine, na wake zao wakapiga vigelegele. "Hao wawili waliokoana. Huyu aliokoa mji."

"Na ile rafu aliiona," seremala akasema. "Angepuliza pale uwanjani, Sekiete angeomba radhi hapohapo mbele ya watu, na Shemdoe asingekwenda kwao na uchungu. Alipuliza siku hiyohiyo, ndiyo. Lakini alichelewa."

Wenyewe watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi moja. Mhando akawauliza.

"Mimi nilifanya rafu," akasema Sekiete. "Niulizeni mengine."

"Mimi nilinyamaza," akasema Shemdoe.

Bi Nakijwa akafunika mdomo kwa kanga. "Mimi niliacha mchezo uendelee kwa sababu nilitaka kumwona Mhando akifungwa."

Watu wakacheka, hata Mhando, lakini kicheko kilikatika upesi. Wa Juu walikuwa wamesimama upande wa Juu, wa Chini upande wa Chini, na katikati pamebaki njia pana ya mtu kupita. Mhando aliielewa ile njia. Akikosea jina, wataondoka na viatu vyao, kila kundi na lake, na Jumamosi ijayo patachezwa mpira wa zamani.

Akainuka, gunia mkononi. Akamtazama mwenye vidole viwili mkono wa kushoto, akamtazama mwenye gongo, akamtazama mwenye pengo.

Hadithi haina zaidi ya hapo, wenzangu. Bila Sekiete, Kilua yuko kaburini. Bila Shemdoe, Sekiete yuko kaburini. Bila Bi Nakijwa, hatujui wangapi. Na bila kosa la kila mmoja wao, hakuna hata mmoja ambaye angehitaji kuokolewa.

Basi wewe uliyejifanya umesinzia, nawe mama pale unayetingisha kichwa: Mhando amewageukia. Ungemkabidhi nani? Jibuni upesi, maana watu thelathini wamesimama mguu mmoja peku juu ya mchanga wa saa nane, na wameanza kutazama mawe.