Kinu cha Sudi na Kimya cha Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo hata jogoo alibisha hodi kabla ya kuwika, palikuwa na mji uitwao Tungani, na ndani ya mji huo palikuwa na maskini mmoja jina lake Shekuwe. Maskini kwelikweli, si maskini wa mdomoni: hana shamba, hana mnazi, hana kofia ya pili. Alikuwa na binti mmoja, Mwanatumu, na punda mmoja, na ulimi. Ulimi huo ndio uliomlisha, kwa maana watu walimwalika karamuni wapate kucheka.

Basi katika mji huo palikuwa na mwuza dawa, Bwana Sudi, mtu wa tumbo mbele na ndevu hadi kifuani. Duka lake halikukosa watu, kwani nani asiyeumwa? Unakwenda, unamnong'oneza maradhi yako sikioni, naye anakuchanganyia dawa. Kumbe bwana yule alikuwa na biashara mbili dukani mle: dawa akikuuzia wewe, na maradhi yako akiwauzia wafanyabiashara wenzake!

Loo, mji ukawa vituko vitupu. Mzee Faki alinunua dawa ya kikohozi. Hajaingia kwake, akamkuta mwuza sanda ameketi kibarazani, kamba mkononi.

"Una shida gani, bwana?" akauliza Mzee Faki.

"Nimekuja kukupima, mzee wangu. Nasikia kifua kimebana."

Mzee Faki akamtimua kwa bakora mtaa mzima, na kwa hasira zile kikohozi kikapona bila dawa. Mwingine alinunua mafuta ya kuzuia nywele zisidondoke. Kabla ya adhuhuri wauza kofia wamemzingira sokoni, kila mmoja anamvika ya kwake, hata akawa haoni njia. Hapakuwa na siri tena Tungani. Ukipiga chafya nyumbani, mtaa wa pili wanakuuzia leso.

Watu wakaenda kulalamika kwa Sultani Zubeiri. Naye Sultani alimpenda Sudi, maana kila mwezi ulipoandama Sudi alimpelekea kasha la udi. Basi akamwita, akamwuliza, "Ewe Sudi, kwani hawa huwaombi ruhusa?"

"Nawaomba, Maulana, mmoja mmoja. Wala hajatokea aliyekataa."

Na alisema kweli, mlaaniwa yule! Maana alikuwa akiomba hivi: anatia mizizi kinuni, anashika mchi, anatwanga twa! twa! twa! mpaka chupa zinatetemeka, na katikati ya makelele hayo anasema ndevuni mwake, "Haya yako nitawaambia wenzangu, kama hutaki, sema." Mteja haoni ila ndevu zinacheza. Anadhani Sudi anaisomea dawa dua, naye ananyamaza kwa adabu, tena anainamisha kichwa.

Ikawa Sultani akatoa amri, "Aliyenyamaza amekubali." Watu wakarudi makwao wakiguna.

Siku zikapita, punda wa Shekuwe akashikwa na upele. Mwanatumu akaenda kwa Sudi, akasema, "Shikamoo, Bwana Sudi. Nataka dawa ya upele." Sudi akatwanga, ndevu zikacheza, binti akainamisha kichwa. Hakuulizwa upele wa nani. Sudi akamwambia mwuza sabuni, mwuza sabuni akamwambia mwuza vitambaa, na mwuza vitambaa alikuwa ndiye anayemshonea Bi Rukaya, mama yake Lali, mchumba wa Mwanatumu. Habari ilipofika kwa Bi Rukaya, upele ulikuwa umeenea toka shingoni hadi vidoleni.

Bi Rukaya akatuma mjumbe. "Mwambie Shekuwe, Ijumaa baada ya sala tunakuja kuivunja posa. Mwanangu hakuzaliwa aje kulala akijikuna."

Mwanatumu akalia hata macho yakavimba. Alimpenda Lali, na hakuona haya kusema. "Baba," akasema, "nilikuwa namtibu punda, sasa nimekosa mume! Na nani ataniamini?" Na Shekuwe, ambaye angeweza kuchekesha hata msibani, akaacha mzaha. Moyo ulimuuma. Akavaa kofia yake, akaenda moja kwa moja kwa Sultani.

"Maulana," akasema, "binti yangu hakukubali mambo yake yatembezwe."

"Alikataa?"

"Hakusikia kuulizwa."

"Ah!" akasema Sultani. "Nyote mkishapata hasara husema hamkusikia. Sikiliza, Shekuwe. Ijumaa barazani niletee mtu mmoja aliyenyamaza na asikubali, naye aape kwa kinywa chake. Tena awe mtu ambaye mimi siwezi kumwita mwongo. Ukimleta, amri naifuta. Ukishindwa, mpiga mbiu wangu atautangaza upele wa binti yako mtaa kwa mtaa."

Wakuu wakacheka, wakajua Shekuwe amekwisha. Nani katika Tungani ambaye Sultani hajawahi kumwita mwongo? Hata kadhi alikwisha mwita mara kadhaa! Lakini Shekuwe akainama, akasema, "Nimesikia na nimetii," akatoka akipiga mluzi.

Ijumaa ikafika. Na desturi ya Tungani ilikuwa hivi: Sultani akishaketi barazani, siwa, lile baragumu la enzi, hupulizwa na ngoma kubwa hupigwa, na wakati huo huo raia hupita mmoja mmoja kumbusu mkono. Kila mtu husema lake la heri, wala hasikiki mtu, na Sultani hutabasamu tu. Basi siku ile watu walijaa hata juu ya kuta. Bi Rukaya alikuwepo upande wa wanawake, pua juu. Sudi alikaa mbele, anachezea ndevu. Siwa likanguruma, ngoma zikarindima, watu wakapita. Zamu ya Shekuwe ikafika. Akaushika mkono wa Sultani, akaubusu, akasema maneno. Sultani akatabasamu. Shekuwe akapita.

Siwa liliponyamaza, Shekuwe hakwenda kuketi. Akakipindua chini juu kinu alichokileta mwenyewe, akapanda juu yake, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti.

"Enyi watu wa Tungani! Njooni karibu, msikie alichokinunua Sultani wetu kwa Bwana Sudi! Kwanza kabisa, alinunua..."

Sultani akaruka kitini kama aliyekalia siafu. Kilemba kikaenda huku, kiatu kikaenda kule.

"Nyamaza! Nyamaza we mwanaharamu! Nani amekuruhusu?"

"Wewe, Maulana."

"Mimi?"

"Nilipokubusu mkono nilisema, 'Naomba nitangaze ulichonunua kwa Sudi, kama hutaki, sema.' Ukanyamaza, tena ukatabasamu. Kwanza kabisa, enyi watu, alinunua..."

"Sikukubali!" akapiga kelele Sultani, jasho linamtiririka. "Wallahi sikukubali! Nilinyamaza kwa kuwa sikusikia! Siwa lilikuwa linalia!"

Shekuwe akashuka kinuni polepole, akapiga goti. "Maulana, uliniagiza nikuletee mtu aliyenyamaza na asikubali, aape kwa kinywa chake, na asiwe mtu unayeweza kumwita mwongo. Ndiye huyo, yuko mbele yako. Mwite mwongo ukitaka."

Kisha Mzee Faki, juu ya ukuta, akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Na mji mzima ukafuata. Sultani akawatazama, akatazama kiatu chake kule mbali, naye mwisho akacheka hata akashikwa na kwikwi.

"Umenipata, Shekuwe. Lakini hebu nambie sikioni, ulijua nilinunua nini?"

"Wallahi sijui, Maulana. Nilijua tu kwamba hakuna mtu asiyekuwa na cha kuficha."

Na mpaka leo haijulikani alinunua nini. Hata mimi ningejua nisingewaambia, maana sikumwomba ruhusa.

Basi amri ikafutwa pale pale. Akasema Sultani, "Kuanzia leo, asiyesema ndiyo kwa sauti, amesema la." Na Sudi akahukumiwa amwongoze punda yule kwa mkono wake mwenyewe hadi kwa Bi Rukaya, aonyeshe upele mmoja mmoja, na kila akionyesha aseme, "Huu si wa Mwanatumu." Bi Rukaya akajionea, aibu ikamshika, akamtuma Lali mbio na sinia ya halua.

Harusi ikafika, na Sultani mwenyewe akahudhuria. Kadhi akasimama nje ya pazia, akamwuliza Mwanatumu kama ameridhika kuolewa na Lali. Wajua desturi ya mwari: hujifunika, hunyamaza, na bibi zake humjibia. Bibi mmoja akakohoa, akaanza kusema, "Huyu mtoto ana haya, lakini sisi twajua..."

"NIMEKUBALI!" ikatoka sauti nyuma ya pazia, ikafika hadi jikoni.

Bibi zake wakaziba nyuso kwa haya. Lali akacheka hata machozi yakamtoka, na Kadhi akaandika bila kuuliza tena.