Mkoromaji wa Makambako

Sogeeni karibu, na kama humu ndani yupo anayekoroma, aje akae mbele kabisa, asione haya. Leo tunamsema yeye, na tunamsema kwa heshima. Wapo watu wanaosema mwanamke hakoromi. Hao ama hawajawahi kulala chumba kimoja na mama zao, ama wamezoea uongo.

Hapo Makambako, njia panda ya Songea na Mbeya, palikuwa na kiwanda kidogo cha mikate. Mikate huokwa usiku ili alfajiri ifike madukani ikiwa ya moto. Kwa hiyo wanawake wa tanuri walikesha watu wakilala, na watu wakiamka wao ndio waliolala. Walikuwa wanne, chumba kimoja nyuma ya kiwanda, pazia limeshushwa na jua liko nje.

Wa kwanza, Mwanaidi wa Korogwe, alijaliwa masikio. Akiinamia beseni la unga alikwambia kama umeumuka au bado, bila kufunua kitambaa.

Wa pili, Twilumba, Mhehe wa Kalenga, alijaliwa ulimi. Neno ambalo wewe na mimi tungelimeza, yeye alilitema, na aliyetemewa akacheka.

Wa tatu, Subilaga, Mnyakyusa wa Tukuyu, alijaliwa mikono. Hakuna kilichopasuka asichokishona, wala kilichopinda asichokinyoosha. Maneno hakuwa nayo mengi.

Wa nne alikuwa Edeltruda Ngonyani, Mngoni wa Peramiho, mkuu wa tanuri, wote wakimwita Mama Ngonyani. Huyu sitawaambia alijaliwa nini. Watu walisema ana kichwa kigumu tu, na mimi nawaachia muone wenyewe.

Basi Mama Ngonyani alikuwa anakoroma. Msifikirie ule mkoromo wa mtu aliyeshiba. Huu ulitikisa vikombe kabatini, na madereva wa malori waliolala kwenye magari yao kando ya barabara walilalamika. Na ukimwambia, anakana. Alisema amelala na mumewe miaka na miaka, Mungu amrehemu, wala hakuwahi kusikia habari hiyo. Kumbe marehemu alikuwa kiziwi wa sikio moja, na ndilo alilomgeuzia mkewe.

Wangeishi hivyo hivyo, mmoja akikoroma na watatu wakinuna, lakini Mama Ngonyani alianza kuchoka. Analala mchana kutwa, anaamka hoi kuliko alivyolala. Kichwa kinamuuma, anasahau chumvi, anasinzia amesimama. Usiku mmoja akasinzia mbele ya mdomo wa tanuri, na kilemba chake kikashika moto. Subilaga alimmwagia maji ya ndoo, na mikate yote ya awamu ile ikaungua.

Msimamizi wao, Bwana Luvanda, alifika asubuhi na hukumu mkononi. Alisema wenzake Mama Ngonyani hawalali kwa sababu yake, na yeye mwenyewe halali kwa sababu zake, kwa hiyo kitanda chake kihamie ghala la unga, akakorome huko peke yake na magunia. Wale watatu waliangalia chini. Tusiwalaumu sana, walikuwa na usingizi.

Mama Ngonyani alikuwa amefungwa kitambaa kichwani paliposhika moto, nguo bado mbichi. Akasema, "Kitanda changu hakitoki humu, Bwana Luvanda. Mimi si panya wa kulazwa ghalani. Aliyechoka kunisikia na ahame yeye."

Bwana Luvanda akampa mpaka Jumamosi. Ikifika Jumamosi kitanda kiko palepale, basi chumba hana na kazi hana. Mama Ngonyani akamwambia Jumamosi ije tu, akajitupa kitandani, na kabla msimamizi hajafika mlangoni vikombe vilikuwa vinatikisika.

Sasa sikilizeni alichofanya Mwanaidi. Yeye ndiye aliyeteseka kuliko wote, kwa masikio yale. Alikuwa akilala kichwa chini ya mto. Lakini siku ile, kwa hasira au kwa huruma, aliutoa mto akaamua kuusikiliza ule mkoromo mpaka mwisho wake, na akagundua kuwa mkoromo hauna shida. Shida ilikuwa kimya. Mama Ngonyani anakoroma, anakoroma, halafu mkoromo unakatika. Wenzake hupumua kwa raha hapo, wanasema afadhali. Mwanaidi akaona kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haiingii wala haitoki. Kimya kikawa kirefu hadi akashuka kitandani. Ndipo Mama Ngonyani akashtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa mtoni, akaanza upya.

Mwanaidi aliwaamsha wenzake wakasikilize nao. Wakasikia. Kila mmoja alikuwa amelala kando ya kimya hicho miezi yote akikishukuru. Subilaga alilia.

Lakini kusikia ni kitu kimoja, na kumwambia Mama Ngonyani ni kingine. Mwanaidi alipojaribu, aliambiwa kuwa mtoto mdogo hamlindi mkubwa usingizini, na kwamba anatumwa na Luvanda. Akarudi nyuma. Mtu anayepigania kitanda chake hawezi kusikia habari za koo lake.

Hapo ndipo alipoingia Twilumba. Mnajua Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, wakabaki watani. Na mtani ana ruhusa. Msibani wewe unalia, yeye anamwigiza marehemu, anajilaza mahali pa maiti, na hatoki hapo mpaka apewe ada yake. Huruhusiwi kukasirika, na ada huruhusiwi kumnyima. Ukimnyima umelivunjia heshima kaburi lako mwenyewe.

Twilumba aliweka msiba. Mama Ngonyani akiwa usingizini, alimfunika kanga hadi kidevuni, akatandika mkeka chini, akajipaka unga usoni, akawaita na wanawake wa zamu ya mchana. Kimya kilipoingia, aliangua kilio: jamani Mngoni katutoka, mikate tutakula mibichi. Koo lilipofunguka, alifuta machozi akatangaza kuwa marehemu amerudi, kasahau kilemba chake. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha kimya kikaja tena, na tena, na kwa kadiri walivyolia kicheko kilipungua, kwa sababu kila mtu alikuwa anaona kwa macho yake. Mwishowe wakawa wanalia kweli.

Mama Ngonyani aliamka kwa ile pumzi ya mtoni, akakuta chumba kimejaa watu wenye machozi. Akauliza amekufa nani.

"Wewe, mtani," Twilumba akasema. "Umekufa tangu asubuhi, unafufuka unakufa tena. Tumechoka kukuzika. Sasa nipe ada yangu nikaoshe uso."

"Ada gani?"

"Hospitali. Leo hii, kabla sijapoa."

Mama Ngonyani aliwatazama wote, mmoja mmoja. Alitukana kidogo, kama inavyotakiwa kati ya watani. Halafu akatafuta viatu.

Daktari, mama mmoja kijana mwenye subira, alimweleza kuwa akilala nyama za koo zinalegea na kuziba njia ya hewa, mwili unakosa pumzi, ndipo unamshtua ili asife. Ndiyo maana analala bila kupumzika, na ndiyo maana presha yake imepanda. Atapelekwa hospitali kubwa kupimwa usingizi wake, lakini zamu yake ni mwezi ujao. Kwa sasa asilale chali, aache pombe ya ulanzi kabla ya kulala, na asisimame mbele ya moto mpaka atibiwe. Kisha akamuuliza analala na nani. Alipoambiwa wako wanne, alisema ashukuru sana, maana mwenye hali hii akilala peke yake hakuna wa kumsikia.

Maneno mazuri, ila asilale chali, vipi? Mtu akishalala hajui mgongo wake uko wapi. Walimlaza ubavu, akageuka. Walimwegemeza mto, akautupa. Walipopokezana zamu ya kumshika, usingizi ukawaangusha wao. Na Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Subilaga akainuka. Alichukua gauni la kulalia la Mama Ngonyani, akalishonea mfuko mgongoni, akatia ndani mkate uliokauka. Mama Ngonyani alipogeuka mkate ukavunjika, na sisimizi wakajaa kitandani, tusi likatoka lisilosemeka mbele ya watoto. Subilaga akafumua, akaokota magunzi ya mahindi, akayafunga pamoja kwa uzi wa gunia, akayashonea ndani ya mfuko yasicheze. Halafu akaenda nyuma ya tanuri, akaleta matofali, akainua kitanda upande wa kichwani. Safari hii Mama Ngonyani alipotaka kulala chali, magunzi yalimkataa. Alirudi ubavuni kwa hasira, bado yuko usingizini. Alikoroma, ndiyo, lakini mkoromo wa kawaida, wa binadamu. Mwanaidi alisikiliza mpaka adhuhuri, na kile kimya kilikuja mara chache, kifupi. Wote wanne wakalala.

Jumamosi jioni Bwana Luvanda alikuja na vijana wawili wa kubeba kitanda. Alimkuta Mama Ngonyani ameamka, uso umekunjuka, anakunywa chai. Hakumpa nafasi ya kuanza.

"Ungenilaza ghalani," akamwambia, "leo vijana wako wangekuwa wanabeba maiti. Kitanda kibaki. Na usiniambie tena kwamba kukoroma ni aibu. Aibu ni kumtenga anayekosa pumzi."

Vijana walirudi nyuma kabla msimamizi hajawaambia. Bwana Luvanda alikohoa, akasema yeye hana shida na kitanda, ila usiku huu tanuri lazima liwe na mtu, na kama daktari amemkataza moto, nani atalishika?

Hapo sasa ndipo penye kesi. Katika kiwanda kile kuna mti mrefu wa kuingizia na kutolea mikate. Anayeushika ndiye mkuu wa tanuri. Anapanga kazi, na wenzake wote humtii. Mti ule msimamizi hagawi. Aliyenao ndiye anayemkabidhi mwingine, mbele ya wenzake wote, na akishautoa haurudi.

Mama Ngonyani aliuchukua mti, akasimama nao katikati ya chumba. Akasema atampa aliyemwokoa.

Mwanaidi akasema, "Nyote mlikuwa mnakishukuru kile kimya. Bila masikio yangu mngemzika huku mnasema alilala vizuri."

Twilumba akasema, "Ulisikia, ukafokewa mara moja tu, ukanyamaza kwa woga. Habari isiyofika kwa mwenyewe haina faida. Mimi ndiye niliyemtoa kitandani nikampeleka kwa daktari."

Subilaga, ambaye hasemi, alisema, "Daktari alitoa neno, na neno halikumgeuza ubavuni. Ninyi mlimpa habari. Mimi nilimpa usingizi."

Wakatazama mti. Mama Ngonyani hakuunyoosha kwa yeyote. Badala yake akaukumbatia.

"Na mimi je?" akasema. "Nilipoambiwa nihame, ni nani kati yenu aliyesema nisihame? Mliangalia chini. Ningekuwa mtu wa kutii, ningelala ghalani. Masikio ya Mwanaidi yangesikia nini? Twilumba angemlilia nani? Subilaga angemshonea nani gauni? Niliyekataa ni mimi. Daktari kanikataza kusimama mbele ya moto, hakunikataza kuamuru nikiwa kwenye meza ya unga."

 

Mimi mwenyewe nimeisimulia kesi hii mara nyingi. Wazee wakaniambia apewe Mwanaidi, kwani aliyeona kwanza ndiye mwenye mali. Vijana wakamtetea Twilumba. Mama mmoja mshonaji alinigombeza kwa saa nzima juu ya Subilaga. Na wapo wachache, kila mara ni wale waliowahi kuambiwa hameni, wanaosimama na kusema mti usitoke mkononi mwa Mama Ngonyani. Nikiwauliza, basi ushujaa wa kukataa bila kujua unachokikataa ni ushujaa au ni bahati, wananikasirikia.

Msiniambie wagawane. Mti ukikatwa vipande vinne ni kuni.

Unga umeshaumuka, tanuri limeshika moto, na wanawake wanne wamesimama wanawangoja ninyi. Haya, waamuzi wangu, semeni: mti huo mnaukabidhi mkono wa nani?