Pweza wa Sebuleni kwa Fisi

"Enyi mlioketi!"
"Tumeketi!"
"Masikio mmeyaacha nyumbani?"
"Tumekuja nayo!"
"Basi nimwage?"
"Mwaga!"

Palikuwa na Fisi, na palikuwa na Pweza. Fisi alikuwa na nguvu na tumbo. Pweza alikuwa na mikono minane na mayai. Mayai yenyewe madogo kama punje za mchele, yananing'inia darini mwa pango lake miambani. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuyapulizia maji yasiote ukungu. Fuu, fuu. Hatoki, hali, halali. Fuu, fuu.

Bahari ilipokupwa, Fisi akaja na fimbo yenye ndoana. Akachokoa pangoni, choko choko, akamnasa Pweza, akamvuta nje.

"Niache, Bwana Fisi, nina watoto."

"Nani hana watoto?" Fisi akasema, akamtia ndooni. Chubwi!

Hakumla siku hiyo. Fisi alikuwa na tangi la kioo sebuleni, na alitaka majirani waone kitu ambacho wao hawana. Akalijaza maji ya bahari, akamtumbukiza Pweza, akafunika kwa ubao, juu ya ubao akaweka jiwe la kusagia. Majirani wakaja, wakagonga kioo, ko ko ko, wakacheka. Walipokwenda zao Fisi akalamba midomo.

"Nenepa, mama. Nenepa upesi. Sikukuu inakaribia."

Chakula cha Pweza kilikuwa kaa, wanatupwa humo wakiwa hai. Siku moja kaa mmoja akapiga kelele:

"Usinile, Bi Pweza! Natoka miambani kwenu, nimeyaona mayai yako!"

"Yako hai?"

"Ya pembeni yamekuwa meupe, yameoza. Ya katikati bado. Lakini hayana wa kuyapulizia."

Pweza akawa mwekundu. Akawa mweupe. Akawa wa kijivu kama jiwe.

"Habari nimekupa," Kaa akasema. "Si utaniacha, dada yangu?"

"Ahsante sana, ndugu yangu," Pweza akasema, akamla. Kacha, kacha. Alihitaji nguvu.

Sikukuu ikafika, Fisi akaja na kisu.

"Bwana Fisi," Pweza akasema, "ukinila mzima utanila mara moja tu. Ukikata mkono mmoja, utaota mwingine. Utakula mpaka uzeeke."

"Utaota?"

"Utaota."

Kwacha! Fisi akakata mkono, akaupika kwa nazi, akala, akalamba na chungu. Pweza akajikunja pembeni akitetemeka, damu yake ya buluu ikielea majini. Baada ya siku chache Fisi akachungulia. Kweli, pale palipokatwa pametoka kichipukizi chembamba kama uzi. Fisi akacheka mpaka akakaa chini. Lakini kungoja, Fisi hawezi.

"Nikate mwingine?"

"Kata."

"Utaota?"

"Utaota."

Kwacha! Akala.

"Nikate mwingine?"

"Kata."

"Utaota?"

"Utaota." Sauti ya Pweza ilikuwa imekuwa ndogo sana.

Kwacha! Akala.

Sasa Fisi alikuwa anaamini kila neno la Pweza. Hapo Pweza akamwambia:

"Nakuonea huruma, Bwana. Unakula makapi."

"Makapi?"

"Utamu wote unaishia motoni. Mkono wa pweza huliwa mbichi, ungali unacheza, unavutwa kwa meno humu humu majini. Papa hula hivyo. Ila yataka koo la mkubwa. Mnyama mdogo hawezi."

"Mdogo nani? Mimi?"

Fisi akaliangusha jiwe, akautupa ubao, akatia kichwa tangini.

"Fungua kinywa, Bwana. Fungua zaidi."

Pweza akampa mkono ulio mnene kuliko yote. Fisi akauma, kwacha! Akameza bila kutafuna.

Na mkono wa pweza ukikatwa haufi papo hapo. Uliteremka mpaka kooni, ukashika. Vile vikombe vyake vya kunasia vikashika kimoja kimoja, mwaa, mwaa, mwaa.

"Khh!" Fisi akatoa kichwa majini. "Khh! Utoe!"

"Siwezi, Bwana. Si wangu tena. Umeshaula."

Fisi akajipiga ukutani, akayumba, akaliangukia tangi. Pwaa! Vioo chini, maji mlangoni. Fisi akarusha mateke kwa nguvu, kisha polepole, kisha basi. Macho yakabaki wazi.

Pweza akajiburuta kwa mikono minne juu ya vile vioo, akayafuata maji, akaingia mtaroni. Buru, buru. Jua likamkausha ngozi, inzi wakamkalia kwenye vidonda. Buru, buru, mpaka baharini.

Pangoni karibu mayai yote yalikuwa yameoza. Yaliyo hai yangeenea kiganjani. Akayasafisha, akakaa. Fuu, fuu. Hatoki, hali, halali. Yakapasuka. Wakatoka watoto wadogo kama chawa, mkondo ukawachukua. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama. Hawakumjua ni nani.

Pweza akauachia mwamba. Samaki wakaja, wakamla.

"Nilichobeba nimekitua! Mmekiona?"
"Tumekiona!"
"Aliyeshiba ainuke, mwenye njaa akaombe kwa jirani. Na fundisho, wanangu, mnalijua?"
"Tupe!"
"Mkiwa wageni kwa mtu mkubwa, mpeni kila anachoomba, mpaka aseme basi. Nanyi mkija kuwa wakubwa, chakula mkitafune vizuri kabla ya kumeza."